Karatasi ya Kuridhi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya meza ya karani wa mahakama ya mwanzo, kofia mkononi, nikiulizwa nimekufa lini.

Aliyekosa gazeti hilo nimweleze haraka, maana nikikawia hapa hasira inanipanda upya.

Naitwa Alfonce, wa Kasulo, wilaya ya Ngara. Nina miaka sabini na mmoja. Baba alituacha watoto watatu: mimi, mdogo wangu Frednand, na kitinda mimba wetu Deodata. Alituachia nyumba moja Nyakanazi, pale njia panda, na nyuma ya jiko la nyumba hiyo amezikwa yeye na mama. Ukoo ukanichagua kuwa msimamizi wa mirathi. Frednand alitaka nyumba iuzwe kwa tajiri mmoja anayetafuta mahali pa kulaza malori. Nikasema haiuzwi, mafungu yenu nitayanunua mimi.

Nikauza mikaratusi yangu yote, shamba zima, miti niliyoipanda kwa mikono yangu ije initunze uzeeni. Frednand akapokea milioni tisa. Fungu la Deodata likawa ng'ombe kumi na wawili, wakapelekwa Nyantakara, Biharamulo, alikoolewa na Msukuma aitwaye Ngassa. Kila mmoja akaweka alama yake kwenye karatasi ya kuridhi. Kilichobaki ni muhuri wa hakimu.

Mpaka karani alipoisoma.

"Babu, usikasirike," alisema. Jina lake Happyness, binti wa kunizidia kwa kucha tu, si kwa umri. "Nimeuliza tu."

"Mtu mzima anaulizwa amekufa lini, halafu asikasirike?"

"Si mimi. Ni karatasi yako. Hebu isome mwenyewe."

Nikavaa miwani. Nikasoma kwa sauti, watu waliokuwa kwenye benchi wasikie, maana kusoma sikuokota njiani. Nilisoma ngumbaru miaka minne, jioni baada ya jioni, mikono ikinuka lami ya kambi ya barabara.

"Mimi Frednand, nimerithi nyumba ya baba kwa kaka yangu Alfonce, bila kushurutishwa na mtu."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ameridhi. Amekubali."

"Hapana, babu. Kukubali ni kuridhi, D na H. Hapa pana T na H. Kurithi. Frednand amerithi nyumba kwa Alfonce. Na mtu harithiwi akiwa hai, ndiyo maana nikakuuliza."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja aliyekuja na kesi ya mbuzi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge.

Nikaichukua nakala ya Deodata. T na H. Nikaichukua nakala ya ukoo. T na H.

"Ni mwandishi mjinga," nikasema.

"Aliandika nani?"

Nikazikusanya nakala zangu, nikazirudisha kwenye bahasha.

Sasa niseme jambo ambalo wiki zote hizi nimewaficha.

Siku ya kikao cha ukoo pale Nyakanazi, Deodata hakuja. Ngassa alikuja kwa niaba yake, akasema mke wake amebaki na mifugo. Tulipofika kwenye kuandika, Ngassa akajitolea. Akaomba daftari, akaandika taratibu, ulimi umetoka nje kidogo. Alipomaliza akanipa nikague.

Ngassa ni Msukuma. R kwake haipo. Alikuwa ameandika, "Nimelidhi nyumba ya baba kwa kaka yangu Alfonce, bila kushulutishwa na mtu."

Nikacheka. Sikucheka peke yangu, nilihakikisha ukoo wote unacheka nami. Nikasema, "Shemeji, Kiswahili hiki ulikichunga pamoja na ng'ombe?"

Halafu nikaikunjakunja karatasi yake, nikaitupa chini, nikaandika mwenyewe nakala tatu safi. Nikazifukuza zile L zote, nikaweka R mahali pake. Nilifurahi kuzifukuza. Na katika furaha hiyo, "nimelidhi" ya Ngassa nikaigeuza "nimerithi."

Nikawasomea mara mbili. Hakuna aliyesikia kosa. Nakala ya Deodata akaondoka nayo Ngassa, akanirudishia baadaye ikiwa na alama ya mke wake. Kwetu sisi, ukitamka kuridhi au kurithi, sikio halioni tofauti.

Kwa hiyo mwandishi mjinga alikuwa amesimama mbele ya Happyness, na miwani yake ilikuwa imeanza kufanya ukungu.

"Ni neno moja tu," nikamwambia. "Lete kalamu nirekebishe."

"Karatasi ikishasainiwa haiguswi, babu. Na wewe ni msimamizi unayejinunulia mwenyewe. Hakimu anawaangalia sana watu wa namna yako. Anataka kila mrithi awe ameridhi kwa maandishi."

"Basi nitawaita waandike upya. Frednand yuko hapo hapo Nyakanazi."

Happyness akaangalia nyuma yangu. "Yuko karibu zaidi ya hapo."

Nikageuka. Frednand alikuwa mlangoni, amevaa koti, amechana nywele. Frednand hachani nywele hata siku ya Pasaka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Kuna kosa dogo kwenye karatasi. Utasaini nyingine."

"Kosa?" Akashika kifua kama mtu aliyesikia msiba. "Wewe ukosee? Si wewe unayemsahihisha katekista akiwa anasali?"

"Frednand, usinichezee."

"Sichezi. Nimekuja kuweka pingamizi." Akatoa bahasha mfukoni. "Karatasi imesema nimerithi. Mwandiko ni wako. Mimi nani nimbishie kaka mkubwa?"

"Na milioni tisa zangu?"

"Ulinipa. Nilikushukuru. Ndugu hawapeani?"

Niliona giza. Naapa niliona giza, na ilikuwa saa nne asubuhi.

"Mama yako amelala nyuma ya lile jiko," nikasema. "Unataka marori yampite juu?" Nikasikia nimesema marori. Nikikasirika sana, ulimi unarudi nyumbani.

Naye akasikia. Akatabasamu. "Makaburi yanahamishwa, kaka. Tajiri ameshasema jeneza jipya atalipia yeye. La mninga."

Fimbo yangu ilikuwa imeshapanda hewani. Mgambo wa mlangoni akaidaka kabla haijashuka, akaninong'oneza sikioni, "Mzee, ukimpiga hapa unalala ndani, na mwenzako anakwenda kunywa soda."

Frednand akatoka anapiga mluzi.

Happyness alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki. Nikayanywa kwa hasira, nikajimwagia nusu. Akasubiri nimalize.

"Babu, sikiliza. Hakimu anasikiliza Jumatatu. Ile karatasi ya kwanza aliyoandika huyo shemeji yako, ipo?"

"Niliitupa."

"Iliokotwa?"

Nikakumbuka. Watu wakiwa bado wanacheka, Ngassa aliinama, akaiokota, akainyoosha juu ya goti, akaitia chini ya kofia yake.

"Iliokotwa."

"Basi ilete. Ile ndiyo inaonyesha mlichokubaliana siku ile. Na umlete dada yako aseme kwa mdomo wake kwamba aliridhi. Wawili dhidi ya mmoja, hakimu ataona kosa ni la kalamu. Bila hiyo karatasi na bila dada, nyumba itagawanywa, na haigawanyiki bila kuuzwa."

Nikatoka. Mwenye mwandiko safi ni mimi, na wa kuniokoa ni "nimelidhi."

Jumamosi asubuhi nikakodi pikipiki mpaka Nyantakara. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba radhi, na kila nikifika kwenye neno "samahani" nakuta nimesaga meno. Dereva akauliza, "Mzee, unaumwa jino?" Nikamwambia aangalie barabara.

Ngassa alikuwa nje ya zizi. Aliponiona hakuonyesha mshangao hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyepewa ratiba.

"Mwangaluka, shemeji! Kalibu. Kalibu sana. Leteni kiti!"

Binti mmoja mwenye tumbo la mimba akaleta kiti, akarudi na jagi na beseni akaninawisha mikono. Nikamshukuru. Nikadhani ni mkwe wao. Deodata nilimwona kwa mbali, anapepeta mahindi kwenye ungo. Aliinua mkono akaushusha.

"Shemeji, nina haraka," nikaanza. "Ile karatasi uliyoiandika wewe..."

"Ile ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe gani?"

"Si ulisema niliichunga pamoja na ng'ombe?"

Akaita majirani wawili, wazee waliokuwa wanakunywa togwa kivulini kwa pembeni. Wakaja na vikombe vyao. Akawaambia, "Huyu ndiye yule shemeji msomi. Amefuata kalatasi yangu."

"Anaitaka ya nini?" akauliza mmoja.

"Yake imeoza."

Wakacheka. Nikashika fimbo yangu kwa mikono miwili nisiinyanyue.

"Ngassa, nilikukosea," nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu anayetema mfupa, lakini nilisema. "Nilikudharau mbele za watu. Neno lako lilikuwa sahihi kuliko langu. Naiomba karatasi."

Akapangusa mikono. Halafu akaingia ndani, akarudi na kopo la dawa ya kupe, akatoa humo karatasi iliyokunjwa mara nane.

"Isome kwanza. Wazee hawa wasikie. Kama ilivyo. Usisahihishe."

"Ngassa."

"Kama ilivyo, shemeji."

Mimi Alfonce, niliyewafundisha vijana wa kambi nzima kuandika barua za uchumba, nikasimama mbele ya zizi la ng'ombe Nyantakara nikasoma, "Nimelidhi nyumba ya baba kwa kaka yangu Alfonce, bila kushulutishwa na mtu."

"Lipi hilo la kwanza?" akauliza mzee mwenye togwa. "Sikusikia vizuri."

"Nimelidhi!" nikapiga kelele. Ndama akashtuka.

Wazee wakapiga makofi. Ngassa akanipa mkono, na nasema kweli, alinipa kwa moyo safi. Yakawa yamekwisha. Nikaikunja karatasi kuitia mfukoni.

"Bado Deodata tu," nikamwambia. "Jumatatu aje na mimi mahakamani aseme aliridhi."

"Atakuja," akasema Ngassa. "Deodata! Jumatatu utakwenda na kaka yako."

Deodata akaweka ungo chini. Akaja akijipangusa makapi mikononi, akapiga goti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umesikia?"

"Nimesikia mnasomeana. Naomba na mimi nione."

Nikampa karatasi ya Ngassa. Akaisoma kimya, midomo ikicheza. Halafu akanyoosha mkono tena. "Na ile nyingine. Iliyo na alama yangu."

Nikatoa nakala kwenye bahasha. Akaitazama chini, mahali pa sahihi.

"Kaka, hii ni nini?"

"Dole gumba lako."

"Mimi jina langu najua kuliandika?"

Nikaona swali halina maana. "Unajua. Nilikufundisha mwenyewe, ulikuwa darasa la pili, kwa mkaa ukutani..."

"Sasa ulipoona dole gumba, hukushangaa?"

Nikatazama lile dole. Lilikuwa limekaa upande, kama la mtu aliyevutwa mkono. Herufi ngapi nilizihesabu kwenye karatasi ile! L ngapi nilizifukuza! Dole la dada yangu anayejua kuandika nililipita kama nukta.

"Ngassa alinikuta nakamua," akasema Deodata. "Akanishika kidole akakichovya kwenye wino. Nikamuuliza ya nini. Akasema ni fomu ya chanjo ya ng'ombe."

"Mke wangu, maneno hayo ya nini mbele ya wageni?" Ngassa akasema. Wazee wa togwa wakaanza kuangalia ndani ya vikombe vyao.

"Deodata," nikasema, "mimi nilikutendea haki. Wazee wa ukoo walisema binti hapewi. Nani aliwagombeza? Mimi! Nani alisema atapewa sawa na Frednand? Mimi! Nikaleta ng'ombe kumi na wawili mpaka kwenye zizi hili!"

"Zizi la nani?"

"La... la kwenu."

"Wahesabu basi, kaka. Niambie wangapi wangu."

Nikatazama zizini. Nilikuwa nawajua wale ng'ombe, niliwachagua mmoja mmoja mnadani. Sikumwona hata mmoja.

"Wako wapi?" nikamuuliza Ngassa.

Ngassa akakohoa. "Shemeji, mali ya mke na mume..."

"Wako wapi?"

Deodata akamjibia. "Yule aliyekunawisha mikono bila shaka ulidhani ni mkwe wangu. Anaitwa Nshoma, ni mke mwenzangu, aliingia mwezi wa tatu. Ng'ombe kumi na wawili ndiyo mahali yake." Alisema mahali badala ya mahari. Miaka arobaini kwa Wasukuma imeanza kumla R zake. Sikumsahihisha. "Ile nyumba ya baba, kaka, ndiyo hiyo imebeba mimba pale mlangoni."

Nikasimama. Kiti kikaanguka. Nilimwambia Ngassa maneno ambayo mhariri wa gazeti hili hatayachapa. Nilimwambia kwamba nimesoma upuuzi wake mbele ya watu, nimempigia magoti mwizi. Naye akasimama, akaniambia yeye si mwizi, ng'ombe nilimkabidhi yeye kwa mkono wangu, mbele ya mtendaji wa kijiji, na sikumuuliza mke wake yuko wapi.

Alikuwa amesema kweli. Hicho ndicho kilichonikasirisha kuliko yote.

Kwa hiyo nikamgeukia Deodata.

"Sawa. Umeonewa. Nitakusaidia baadaye. Jumatatu sema umeridhi, tuokoe nyumba kwanza."

"Kwanza," akasema. "Kila siku mimi ni baadaye."

"Frednand atauza! Watamfukua mama!"

"Najua. Mama nilimuuguza mimi, miezi saba, kwenye chumba kile cha nyuma. Ulikuja mara mbili." Akamwita Nshoma, akamwomba daftari la shule na kalamu. Nshoma akaleta, macho chini. Deodata akachana ukurasa, akakisimamisha kiti nilichokiangusha, akauweka juu yake. "Andika hapa kwamba nyumba ni yetu wawili, jina lako na langu, nusu kwa nusu. Mimi nahamia chumba cha mama. Ukiandika, Jumatatu nitamwambia hakimu niliridhi, na karatasi ya Ngassa nitaishika mimi mwenyewe."

"Nusu? Fungu lako nimeshalinunua! Nimelipa! Sina mti hata mmoja uliobaki!"

"Ulinunua kwa Ngassa. Mdai Ngassa."

"Na nisipoandika?"

"Nitasema nimerithi. Si ndivyo ulivyoandika? Nitakaa benchi moja na Frednand."

"Utamuuza mama yako, Deodata?"

"Mimi niliuzwa kwanza, kaka. Fimbo yako sikuiona ikinyanyuka."

Ngassa akasema, "Mwanamke, ukiondoka hapa huludi." Hakuna aliyemtazama.

Karatasi zote mbili zilikuwa mikononi mwa Deodata. Niliangalia pikipiki, niliangalia barabara, nikafikiria kumpokonya. Nina miaka sabini na mmoja, na mdogo wangu amekamua ng'ombe maisha yake yote. Vidole vyake ni chuma.

Nikapiga goti mbele ya kiti, maana meza haikuwepo. Nikashika kalamu. Nusu ya nyumba niliyoiuzia shamba. Nusu ya jina nililotaka liwe peke yake kwenye hati, chini ya jina la baba. Hasira ilinifanya niandike kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Mimi Alfonce," nikaandika.

Halafu kalamu ikasimama. Wazee walisubiri. Ngassa alisubiri. Jua lilikuwa kisogoni.

Deodata akainama, akanong'ona kama nilivyokuwa nikimnong'oneza yeye kwenye ule ukuta wenye mkaa.

"Ni D na H, kaka."